Kunusa Si Kunywa

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyetoa msemo huo hakumjua mama mkwe wa Pua. Yule ukimpa jembe atalinusa kwanza, kisha akwambie lilihifadhiwa karibu na mafuta ya taa na aliyelishika mwisho hakunawa mikono. Alikuja kwa wiki mbili kutibiwa macho. Sasa ilikuwa wiki ya kumi na moja, macho yamepona, anaona mpaka vumbi lililo nyuma ya friji, na bado yupo, na kiti cha karibu na dirisha kimeshakuwa chake.

Pua halikuwa jina lake la kuzaliwa, lilikuwa la kazini. Hotelini alikuwa msimamizi wa mvinyo. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya chupa iliyo chini ya ngazi, na kwa miaka kumi na miwili hakuna chupa ya maana iliyofika mezani kabla hajaingiza pua yake kwenye glasi. Alinusa mara moja akasema hii imelala vizuri, hii ilipigwa na joto njiani, hii kizibo chake kimeiharibu, irudishwe. Wahudumu walianza kumwita Pua kwa utani, meneja akalidaka, mwishowe hata kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa jikoni wakaandika hivyo hivyo. Naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali.

Sasa sikia balaa. Wiki tisa zilizopita alishikwa na mafua, mafua haya haya ya kila mtu, siku nne za kupiga chafya na kujifunika blanketi. Mafua yakaondoka, na harufu zote zikaondoka nayo. Siku ya tano aliamka akapika kahawa, akainamia kikombe, hakuna kitu. Akanusa sabuni, hakuna. Akafungua chupa ya siki akaisogeza mpaka machozi yakamtoka, pua kimya. Daktari alimmulika kwa tochi ndogo akamwambia inaweza kurudi baada ya mwezi, inaweza kuchukua mwaka, inaweza isirudi, kwa hiyo tusubiri. Pua alitamani kumuuliza kama na kazi nayo itasubiri, lakini kosa halikuwa la daktari, akafunga mkoba akaenda zake.

Mtu pekee aliyemwambia ni mumewe, fundi wa lifti, mtu asiye na maneno mengi. Alimwapisha asimwambie mtu, na hasa asimwambie mama yake, kwa sababu jambo likishaingia kwenye sikio la mama mkwe, kesho yake utaulizwa na muuza mkaa. Mume akaapa. Kazini Pua akaendelea kuinamia glasi, kufumba macho na kutikisa kichwa taratibu kama zamani. Aliishi kwa ujanja. Alitazama rangi, alisoma karatasi za wauzaji, alikumbuka, na ulimi ulimsaidia kidogo, maana ulimi bado ulijua ukali, utamu na uchungu, basi. Kwa mvinyo wa kila siku ilitosha. Lakini jioni alirudi nyumbani amechoshwa na uongo kuliko na kazi.

Na nyumbani nani anamsubiri? Mama mkwe, mwenye pua iliyopitiliza. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na mitano. Mashati yaliyopita mikononi mwake hayana idadi, na ukimpa shati moja tu atakwambia mwenyewe alikula nini na alikaa na nani. Macho yalipofifia, pua ikaongeza zamu. Kutwa ni hayo hayo: maziwa yameanza kugeuka, msiyatie kwenye chai. Nasikia gesi, nani kaacha jiko. Huyu mtoto ana homa, nasikia utosini pake. Kitambaa hiki cha vyombo katupeni. Pua hajavua viatu, anaambiwa nasikia gesi. Yuko bafuni, sauti mlangoni, dawa ya choo imemwagika huko. Kila neno lilimchoma pale pale penye kidonda, na hakuweza kusema kwa nini. Alibaki kujibu ndiyo Mama, asante Mama, huku anasaga meno.

Usidhani mama mkwe hakuwahi kufunga begi. Alilifunga mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya tatu. Siku ya safari begi liko mlangoni, mtoto kashavaa viatu vya kumsindikiza bibi, Pua yuko mezani anamimina chai na moyoni anaimba. Ghafla bibi akainuka, akaingia jikoni, akafungua madirisha yote kwa kishindo akilalamika kwamba nyumba hii haina hewa, kisha akarudi akatangaza kwamba goti limemkamata na hawezi kukaa ndani ya basi saa nane. Begi likafunguliwa. Mara ya pili eti matone ya macho hayajaisha. Mara ya tatu Pua hakungoja, alikwenda mwenyewe kukata tiketi ya Jumapili, akaibandika kwenye mlango wa friji ambapo hata mwenye macho mabovu angeiona.

Wiki hiyo hiyo ya tiketi ndiyo meneja alimwita. Juu ya meza yake palikuwa na sanduku la mbao lenye chupa nne, na alikuwa anazitazama kwa furaha ambayo Pua hakuipenda hata kidogo. Ilikuwa shampeni, na si shampeni ya sherehe za kila wiki. Shampeni nyingi huchanganywa kutoka mavuno ya miaka mbalimbali ili ladha isibadilike. Hii ilitoka kwenye zabibu za mwaka mmoja tu, mwaka mzuri, na mwaka wenyewe uliandikwa kwenye karatasi ya chupa. Ilikuwa imelala miaka ishirini na minane. Jumamosi mchana, meneja alieleza, wanakuja mke na mume waliooana mwaka huo huo, watoto wao wamewaandalia chakula, na hawajui kwamba watakunywa mwaka wa ndoa yao. Chupa moja ya kuonja, mbili za mezani, moja ya akiba.

Alhamisi, akasema, fungua moja uionje, uniandikie maneno machache nitakayoyasema mezani. Shampeni ya umri huu inaweza kuwa ajabu na inaweza kuwa maiti. Ukisema imekufa, nitawaambia watoto wao mapema. Ukisema iko hai, neno lako limetosha, sitamuuliza mtu mwingine. Pua akajibu sawa. Akatoka, akashuka mpaka stoo, akajifungia, akakaa juu ya kreti akiwa na hasira na pua yake, kiungo kidogo hivi kilicho katikati ya uso, kinamwaibisha mtu mzima. Akisema ukweli atanyang'anywa ufunguo. Asiposema, atapeleka mezani kitu asichokijua, mbele ya watu wanaokunywa ndoa yao.

Jumatano jioni alifika nyumbani akapokewa mlangoni kama kawaida. Mama mkwe alimnusa bega akasema leo umekaa chini ya ngazi kwenye maboksi yenye ukungu. Kisha akaongeza kwamba siku hizi anajimwagia manukato hadi mtu anakohoa. Pua alikuwa tayari kujibu jambo ambalo lingemfanya mumewe asilale wiki nzima.  Badala yake alimtazama yule mama, miwani puani, pua yenyewe imeinuliwa juu kidogo, inafanya kazi bila hata kutumwa. Wazo likamjia, na lilimuudhi kuliko yote aliyowahi kuyapata.

Alimwambia kwa sauti ya asali kwamba haiwezekani Mama aondoke bila kuona mahali mkwe wake anapofanya kazi. Alitegemea mabishano. Badala yake mama mkwe alikubali upesi mno, akauliza avae viatu gani. Akatoa sharti moja tu, kwamba pombe hajawahi kuiweka mdomoni na hataianza uzeeni. Pua akamwambia atamnusisha tu kinywaji kimoja, kwa kufurahisha baraza.

"Kunusa si kunywa, Mama."

"Kunusa ninajua," akajibu mama mkwe.

Alhamisi walipitia mlango wa nyuma, wa jikoni, na kabla hawajafika stooni mama mkwe alikuwa ameshakagua hoteli nzima. Taulo za wageni zinasuuzwa mara moja badala ya mbili. Vitambaa vya mezani vimetiwa wanga na mtu mwenye chuki. Pua alimvuta mkono kwa adabu, adabu iliyokuwa inaelekea kwisha. Stooni palikuwa na ubaridi, taa moja, rafu za chupa zilizolazwa, na meza ndogo. Pua akatoa glasi mbili pana kidogo, kwa sababu shampeni ya umri huo ukiitia kwenye glasi nyembamba unaifunga pumzi. Mama mkwe akazinusa zikiwa tupu akasema moja ina harufu ya kitambaa cha vyombo. Ikaoshwa. Akainusa tena. Ikaoshwa tena. Pua alikuwa anahesabu moja mpaka kumi, na alipofika kumi alianza upya.

Akabandua karatasi ya shingoni, akalegeza waya, akashika kizibo kwa kiganja cha kushoto na kuzungusha chupa, si kizibo. Mama mkwe aliziba masikio akingoja mlipuko wa kwenye sherehe. Haukuja. Kizibo kilitoka kwa pumzi ndogo tu, maana chupa ikifunguliwa na mtu anayeijua hailipuki. Kinywaji kilishuka na rangi ya dhahabu iliyokolea, na viputo vilikuwa vichache, vidogo, vinapanda kwa mistari myembamba bila haraka. Mpaka hapo macho yalitosha. Pua akainama, akanusa kwa nguvu zake zote. Hewa baridi iliingia, hewa baridi ikatoka.

Akamsogezea mama mkwe glasi. Yule mama akaishika kwa mikono miwili, akaingiza pua, na papo hapo uso ukakunjamana.

"Imeungua hii."

Pua akamsogelea. Akauliza imeungua vipi. Kama sufuria? Mama mkwe akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Sufuria gani, akasema, hii ni pasi. Pasi iliyokaa kwenye kola kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kitambaa hakijageuka rangi bado ila harufu imeshatangulia. Shati hili ukimrudishia mwenyewe mtagombana. Pua akamuuliza na nini kingine. Mama mkwe akapumua kwa kuchoka, akarudi kwenye glasi. Ganda la chungwa lililokauka, akasema. Karanga za kukaanga. Nta, ile ya kung'arishia meza, na asali mbali kidogo. Lakini hayo yote ni bure, kitu kimeshaungua.

Pua akasogeza chupa kwenye taa. Alikuwa anazikumbuka harufu hizo moja moja, kama majina ya watu. Mkate uliochomwa, karanga, asali, ganda la chungwa: hiyo ndiyo shampeni kongwe ikiwa mzima wa afya. Kwa dobi, harufu ya moto ni hasara na kilio. Kwa mtu wa mvinyo, hiyo ndiyo miaka ishirini na minane yenyewe. Akaionja. Ulimi ukamwambia ukali upo, umesimama imara, na viputo vinachoma kidogo. Basi iko hai. Akachukua kalamu akaanza kuandika.

Mama mkwe akachungulia karatasi kwa miwani yake mipya akasoma neno nzuri. Hapo akachukia kweli. Alisema ameitwa anuse, amenusa, amesema imeungua, na mtu anaandika nzuri. Sasa alimwitia nini, kumtembeza? Alibeba kimkoba chake na njia nzima ya kurudi hakusema neno, na Pua, ambaye kwa wiki kumi na moja aliomba kimya hicho, aliona kinamkera kuliko kelele.

Lakini shampeni ina kisirani chake. Chupa nne zilizolala sanduku moja si chupa moja. Kila moja ina kizibo chake, na kizibo kibovu kikiingia kwenye mvinyo hakikuulizi. Jumamosi angepaswa kunusa kila chupa kabla ya kumimina, na hapo ujanja wake ulikuwa umefika mwisho. Ijumaa usiku alimeza kiburi chake chote na kumwomba Mama amsindikize tena. Mama mkwe akamwacha aombe mara mbili ndipo akakubali.

Kwa hiyo Jumamosi mchana alikuwa amekaa kwenye kijichumba kilicho kati ya jikoni na ukumbi, mahali wahudumu wanapopangia glasi, juu ya kreti lililogeuzwa, kimkoba mapajani, viatu vizuri. Ukumbini kulikuwa na meza ya watu kumi. Mke na mume wamekaa kichwani pa meza, naye bwana amevaa koti linalombana. Meneja alishaanza hotuba. Pua akafungua chupa ya kwanza, akatia kidogo kwenye glasi, akaipeleka kwenye kreti.

"Imeungua vile vile," akasema mama mkwe kwa kinyongo.

Safi. Ikaenda mezani, ikatosha nusu ya glasi za meza. Pua akarudi, akafungua ya pili. Mama mkwe akanusa, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze uso wake ukakunjuka. Akatabasamu kabisa.

"Hii sasa ndiyo. Safi. Haina neno."

Meneja alikuwa mlangoni anapunga vidole, hotuba imekwisha, watu wameinua glasi na nusu ya glasi hazina kitu. Pua akashika chupa akasukuma mlango. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yule bibi harusi wa zamani alimtazama akamtabasamia. Pua akasimama. Haina neno? Chupa yenye umri wa mtu mzima mwenye watoto, haina neno? Akageuka nyuma mbele ya wageni wote, akampita meneja, akarudi kijichumbani na kufunga mlango.

"Safi vipi, Mama?"

Mama mkwe akasema safi ni safi, shati lililosuuzwa mara tatu. Pua akamuuliza kama hakuna karanga, hakuna asali, hakuna chungwa. Hakuna, akasema, na ndiyo maana anaisifu. Pua akamwomba anuse tena, taratibu, mpaka chini. Mama mkwe akaguna kwamba kazi hii haina shukrani, ukisema mbaya unaambiwa nzuri na ukisema nzuri unaulizwa maswali. Lakini akanusa. Akakaa ndani ya glasi muda mrefu, miwani ikafanya ukungu.

"Huko chini kabisa," akasema polepole, "kuna nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Kidogo tu. Mteja hajui."

Kizibo. Pua hakungoja neno jingine. Kizibo kikiwa kibovu ndivyo kinavyofanya, kinakula harufu zote na kuacha unyevu wa maboksi. Akaisukuma chupa ile kando, akachukua ya akiba. Meneja aliingia uso umeiva, akanong'ona kwa ukali kwamba watu kumi wameshika glasi hewani na mmoja wao ana miaka themanini. Pua akamwambia dakika moja. Waya, kizibo, pumzi ndogo. Glasi kwa mama mkwe.

"Imeungua," akasema, amekata tamaa kabisa na watu hawa.

Pua angeweza kumbusu. Alitoka na chupa, akamimina kwa mkono uliotulia, na hakuna aliyeuliza kitu. Yule bwana alikaa na glasi yake bila kunywa, akasema iache ipate joto kidogo, inazungumza. Mkewe akainusa akacheka, akasema inanuka jikoni kwao kwa kwanza, pale alipokuwa anaunguza mkate kila siku na huyu anakula bila kulalamika. Bwana akasema alilalamika sana, ila kimoyomoyo. Meza nzima ikacheka.

Wageni walipoanza kula, meneja alikuja kijichumbani na kuionja ile chupa iliyokataliwa. Akaonja mara mbili. Akasema yeye angeipeleka mezani bila wasiwasi, kosa lenyewe ni dogo kiasi kwamba hajui Pua alilipataje. Ndiyo maana tunakuita Pua, akasema, akamshika bega. Akaendelea kusifu, na kila sifa ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Mama mkwe alikuwa pale pale kwenye kreti, mita moja tu, ananyoosha kitambaa cha mezani mapajani mwake. Mwanamke ambaye hawezi kuacha harufu ya soksi ipite bila kuitangaza, alikuwa kimya, anamwachia mkwe wake sifa zote. Hilo ndilo lililomshinda Pua.

"Si mimi," akasema. "Mimi sisikii harufu tangu wiki tisa zilizopita. Aliyenusa ni huyu mama."

Meneja akauliza wiki tisa? Akajibiwa wiki tisa. Mama mkwe hakuinua kichwa. Meneja akachukua glasi akanywa bila kufikiri, akakumbuka ni ile mbovu, akaitema kwenye sinki. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema mangapi yamepita mezani wiki hizo zote kwa bahati nasibu, na kwamba angeambiwa siku ya kwanza angeelewa. Pua hakujitetea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameumbuka amesimama, na kitambaa cheupe mkononi.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Alimwambia meneja asimpe sifa zisizo zake, kwa sababu yeye angewanywesha wageni ile mbovu na kumwaga zile nzuri zote mbili, na sasa hivi bado haelewi kwa nini wanashangilia kitu kilichoungua. Pua ana kichwa hakina pua, akasema, na mimi nina pua haina kichwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Meneja akataka kubaki na hasira yake lakini tabasamu dogo likamponyoka. Akafikiri. Mwisho akasema kuanzia Jumatatu Pua hafungui chupa yoyote ya maana bila huyu mama kuwepo, mpaka daktari aseme vingine. Siku huyu mama hayupo, ufunguo unarudi kwa meneja na Pua anakaa mapokezi kuandikisha wageni. Akatoka.

Wakabaki wawili. Nyuma ya mlango vijiko vililia kwenye sahani. Sasa mtazame mwanamke huyu, aliyekata tiketi kwa mkono wake mwenyewe na kuibandika kwenye friji. Jumapili ilikuwa kesho. Alitafuta namna ya kuanza, akaanza mara tatu, na kila mara maneno yalikwama. Hakuna neno zito duniani kama lile ambalo kwa wiki kumi na moja umeomba usilazimike kulisema.

"Mama," akasema. "Usiondoke kesho. Nakuomba."

Mama mkwe akakunja kitambaa mara mbili, akakipapasa.

"Tiketi nilimpa mumeo Alhamisi airudishe. Ile iliyo kwenye friji ni bahasha tu."

Pua akakaa kwenye sakafu, sketi ya kazi na yote. Akauliza kwa nini. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akasema bila kupandisha sauti:

"Wiki ya tatu, begi langu liko mlangoni, maziwa yalifurika yakazima jiko. Gesi imejaa nyumba nzima, na wewe umesimama unanimiminia chai unacheka. Mtoto yuko miguuni pako. Nikasema huyu hasikii. Sasa mimi ningepandaje basi?"

Pua akataka kujibu. Alizikumbuka zote kwa mpigo mmoja, nasikia gesi ya kila jioni, maziwa, kitambaa cha vyombo, homa ya mtoto, sauti ya mlangoni bafuni, na yeye amesimama anasaga meno na kuhesabu mpaka kumi. Hasira ilimpanda na hakujua ampe nani. Akamuuliza mbona hukusema, wiki zote hizi, mbona hukusema.

"Na wewe je?" akasema mama mkwe. "Nilikuwa nangoja mwenye pua aseme. Mtu hawezi kuambiwa kiungo chake kimekufa na mama mkwe."

Pua akalia, kilio kibaya, cha kukasirika, na kamasi juu. Mama mkwe akamwachia alie. Kisha akampa kile kitambaa cha hoteli alichokuwa amekikunja, akamwambia afute uso, mezani wanataka kumiminiwa, ila asikisugue machoni, kina ule wanga wa chuki. Alipoinama kumshika mkono amwinue, akasita, akageuza uso pembeni, akakohoa.

"Na hayo manukato," akasema, "kuanzia kesho nitakuwa nakupulizia mimi. Unanuka duka zima."